Marekani wana chakula chao, ila kifuate kilipo

Kila nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nimeendesha gari karibu masaa sita, Houston mpaka New Orleans, kisa chakula, swali ni lile lile: "Chakula gani sasa, baga?" Nimeshachoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, so leo nayaandika yote hapa.

Kwanza hii ya kwamba Wamarekani hawana chakula chao. Hii ndo inaniuma kuliko zote, maana wanaoisema wengi ni sisi Waafrika na sisi ndo wenye haki kubwa kwenye hivi vyakula. Chukua gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana, jimbo la hiyo New Orleans, unaoliwa na wali. Jina lenyewe, wengi wanaofuatilia asili ya maneno wanalirudisha kwenye lugha za Kibantu za Angola ambako bamia inaitwa kingombo, na wewe unayesoma Kiswahili hiyo ki- ya mwanzo unaijua vizuri tu. Waliobebwa utumwani walifika na ujuzi wao wa bamia, Wachoctaw ambao ni wenyeji wa pale wakatoa majani ya mti wa sassafras yanayokaushwa na kusagwa ili mchuzi ushike, Wafaransa nao wakaja na mambo ya kukaanga unga wa ngano kwenye mafuta. Na huo unga jamani ndo wenye kazi. Nimesimama jikoni kwa mama mmoja wa kule anakoroga na mwiko, simu inaita hapokei, robo tatu ya saa nzima anakoroga tu, unga unaanza na rangi ya mchanga, unakuwa kama karanga, mwisho unakuwa kahawia kabisa kama chokoleti, na harufu yake ni ya karanga za kukaanga. Ukiungua hata kidogo unamwagwa, unaanza upya. Afu ndo vinaingia vitunguu, seleri na pilipili hoho vyote kwa mpigo, sufuria inalia, moto unashushwa.

Kingine, watu wanadhani gumbo na jambalaya ni kitu kimoja. Hapana. Jambalaya mchele unaivia humo humo kwenye supu na viungo mpaka unakauka, mpishi wa pilau haelekezwi. Gumbo wali unapikwa pembeni. Ila kama huli nguruwe uliza kabla hujakaa, maana zote mbili mara nyingi zina soseji ya nguruwe wanaiita andouille, hata ukiambiwa ni ya kuku au ya kamba inaweza kuwemo.

Na wali ndo habari nyingine. Utasikia wali mwekundu wa Charleston, ule wa nyanya wa pwani ya South Carolina, ni chakula cha wazungu wa kusini, kumbe South Carolina ilitajirika kwa mpunga uliolimwa na watumwa, wengi wao walitolewa Senegal, Gambia, Sierra Leone, sehemu ambazo watu walikuwa wanajua mpunga vizuri sana, kupanda, kutwanga, kupepeta, na wenye mashamba walikuwa wanautegemea huo ujuzi. Vizazi vyao ni Gullah Geechee, bado wako pale pwani na visiwani, bado wanasuka vikapu vya nyasi kama vile vya kupepetea. Ule wali wao wa nyanya ni ndugu wa damu wa jollof, wali wa nyanya wa Afrika Magharibi. Mtu akila ule wali ajue ni wa nani.

Haya, babikyuu. "Si nyama choma tu hiyo?" Si nyama choma. Sisi tunachoma juu ya makaa, moto uko chini ya nyama, saa moja au mbili umemaliza. Kule Texas nyama ya kidari cha ng'ombe inawekwa mbali na moto, joto nyuzi 110 mpaka 130 hivi za Selsiasi, inaiva kwa moshi wa mwaloni masaa 12 na kuzidi. Kidari ni nyama ngumu, na hayo masaa ndo yanayeyusha zile nyuzi zinazoifanya iwe ngumu. Viungo ni chumvi na pilipili manga, basi. Na wanaodhani bila sosi tamu si babikyuu, nendeni Lockhart, mji wa huko huko Texas: mgahawa wa Kreuz Market umefunguliwa 1900 na kwa miaka mingi hawakutoa sosi wala uma. Kwenye jengo lao la zamani, ambalo sasa ni Smitty's, kuni zinawaka chini sakafuni pembeni ya foleni, unasogea na joto linakupiga miguuni, nyama inapimwa kwa uzito, unapewa kwenye karatasi ya bucha, unakula kwa mkono kama nyumbani. Wanaotaka halali, Houston na Dallas kuna Waislamu wanapika kidari hicho hicho.

Pizza nene ya Chicago, ile iliyoanza 1943 pale Pizzeria Uno, watu wanadhani ndo wenyeji wanakula kila wiki. Wenyeji wengi wanakula ile nyembamba kavu inayokatwa vipande vya mraba. Jaribu zote, ila ukitaka kula kama mtu wa pale agiza nyembamba.

Halafu hili la kwamba Wamarekani hawali pilipili! Nenda Nashville, Tennessee, uagize kuku wa pilipili wa mgahawa wa Prince's, anakaangwa afu anapakwa mafuta yenye pilipili nyekundu, anawekwa juu ya slaisi za mkate mweupe, na ule mkate wa chini uliolowa ndo mtamu kuliko kuku mwenyewe. Au nenda New Mexico, jimbo zima lina swali rasmi, "Nyekundu au ya kijani?", yani mchuzi wa pilipili upi juu ya chakula chako. Na wageni wanadhani ni mimea miwili tofauti, kumbe ni mmoja, ya kijani imechumwa mapema, nyekundu imeachwa ikaiva na kukaushwa. Ukitaka zote sema "Christmas". Nenda mwisho wa Agosti au Septemba wakati wa mavuno ya pilipili za Hatch, mji mdogo wa huko, wanazichoma kwenye mapipa ya wavu yanayozungushwa juu ya moto wa gesi nje ya maduka, maganda yanapasuka, na ile harufu unaipata ukiwa bado kwenye gari, vioo vimefungwa.