Uzi usio na ganda: kwa nini jicho huzimika katikati

Msimu wa karafuu uliopita, hapa Pemba, aliletwa kliniki binti wa miaka 19, mshona kofia. Mama yake alikuja na mkoba wa ukili, ndani mna miwani ya aina tatu na kofia moja ya viua iliyoishia nusu. "Daktari, mwanangu haoni tundu. Sindano anaichoma pembeni." Kila miwani ilinunuliwa kwa tamaa kwamba safari hii itakuwa ndiyo, na hakuna iliyomfaa. Nyumbani walishaanza kusema anajitia, maana njiani hajikwai, na kuku akikatiza ubavuni anamwona.

Nikamfungulia juzuu asome. Maumbo ya herufi aliyapapasapapasa, lakini nukta zilimpotea kabisa: ba, ta na tha kwake zilikuwa herufi moja. Nikachukua kifuniko chekundu cha chupa ya soda, nikakishika usawa wa pua yake.

"Rangi gani?"

"Kama ya udongo."

Nikakisogeza pembeni taratibu, yeye akiendelea kunitazama mimi.

"Hapo chekundu."

Nikajua kwamba tatizo haliko kwenye lenzi. Miwani hupinda mwanga ili utue mahali pake kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwanga wa binti huyu ulikuwa unatua vizuri tu. Kilichokatika ni habari ya mwanga ule kufika kwenye ubongo, tena ile habari ya katikati, tunayoitumia kusoma, kutunga uzi na kutambua sura ya mtu.

Neva ya jicho, njia ya habari hiyo hadi kwenye ubongo, ni mkusanyiko wa nyuzi kiasi cha milioni 1.2, na kila uzi ni mkia mrefu wa seli moja iliyoko kwenye retina. Nyuzi zote hutambaa juu ya retina, hukutana kwenye duara dogo lenye upana wa milimita 1.5 hivi, hupinda, kisha hutoka nyuma ya jicho kwa kupenya utando wenye vitundu vingi, mfano wa chujio la tui. Zikishavuka chujio hilo, kila uzi huvishwa ganda la mafuta liitwalo mayelini. Kabla ya hapo uzi uko wazi. Muumba ana hekima yake: mayelini ni nyeupe, na lau ingetandazwa juu ya retina ingeziba mwanga. Wapo watu wachache waliozaliwa na kipande cha mayelini ndani ya jicho. Ukiwachungulia unaona weupe kama unyoya wa ndege, na mahali pale hawaoni.

Uwazi huo una gharama. Uzi hupeleka ishara kwa kuruhusu chumvichumvi ya sodiamu iingie, na kila ishara ikipita sodiamu hiyo lazima isukumwe nje tena. Uzi wenye ganda hufanya kazi hiyo kwenye mapengo machache tu kati ya ganda na ganda, na ishara inaruka toka pengo hadi pengo. Uzi ulio wazi husukuma urefu wake wote, bila kupumzika, tangu unapofumbua macho asubuhi. Nguvu za kusukuma hutoka kwa mitokondria, vile vijiwanda vilivyomo ndani ya seli vinavyounguza chakula kwa oksijeni.

Ndiyo maana wataalamu wakiipaka neva rangi inayoonyesha kazi ya mitokondria, sehemu iliyo mbele ya chujio na ndani yake hukolea sana, na nyuma tu ya chujio, ganda linapoanza, rangi hupauka ghafla. Zamani ilidhaniwa kwamba mitokondria hukwama pale kwa sababu njia ni finyu, kama abiria mlangoni mwa boti. Maelezo hayo hayanishawishi tena. Msongamano unafuata ganda: pasipo na mayelini mitokondria ni nyingi kwa sababu kazi ni nyingi. Chujio lina shida yake nyingine, kwani presha ya jicho ikipanda hulibana, na usafiri wa vitu ndani ya nyuzi ukazorota, mitokondria zikiwemo.

Sasa, mitokondria zikidhoofika, nani anaumia kwanza? Nyuzi zinazotoka katikati ya retina ndizo nyembamba kuliko zote. Ndani yake nafasi ya kuweka mitokondria ni finyu, na akiba hamna. Nyuzi nene za pembeni hustahimili. Kwa hiyo mtu hubaki anamwona kuku anayekatiza ubavuni, ila tundu la kofia mbele ya uso wake halioni. Yule binti hakuwa anajitia hata chembe.

Nilipomchungulia nyuma ya jicho, lile duara, ambalo kwa kawaida lina rangi ya kukaribia chungwa, lilikuwa limepauka upande wa panja, mlemle zinamoingia nyuzi za katikati. Macho yote mawili, sawasawa.

Basi yakaanza maswali, na mimi huanzia kikeni. Mitokondria zina vinasaba vyake zenyewe, 37 tu, na mtoto huvirithi kwa mama. Daktari wa macho Mjerumani, Theodor Leber, alieleza mwaka 1871 upofu wa vijana unaofuata ukoo wa namna hii, na mwaka 1988 likagunduliwa kosa la kwanza la kinasaba linalousababisha. Huwapata zaidi wanaume, kwa hiyo namuuliza mama: una kaka aliyepoteza macho ujanani? Mjomba mmoja wa namna hiyo hunieleza mengi. Mama akatafakari, akahesabu ndugu zake mmoja mmoja kwa vidole. Hakuna.

Dawa? Ethambutoli ya kifua kikuu inaweza kuleta hali hii hii, na anayeitumia akiona rangi zinafifia asikae siku nyingi bila kurudi kwa daktari wake. Asiiache mwenyewe kimyakimya. Binti hakuwahi kuitumia.

Chakula, moshi? Hapo mama alinyamaza kidogo. Mchana muhogo na chai, usiku muhogo au wali mtupu. Mboga za majani ni nadra. Na binti ndiye mpishi, kwenye jiko la kuni lisilo na dirisha, huku akishona pembeni ya moto.

Hili si geni pwani yetu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Dar es Salaam wamekuwa wakipokea vijana wenye upofu wa katikati wa aina hii, na utafiti uliofanywa huko ukahusisha ugonjwa na upungufu wa foleti, vitamini mojawapo ya kundi B, na moshi wa kupikia ndani. Kule Kuba, kati ya 1991 na 1993, wakati chakula kilipoadimika, watu zaidi ya 50,000 walipata maradhi ya neva, takriban nusu yao macho, na vitamini za kundi B zikasaidia. Simwambii mtu aache muhogo. Ulioandaliwa vizuri ni chakula chetu. Ila muhogo peke yake hauna foleti ya kutosha kuzilisha mitokondria. Mchicha, kunde, choroko na mbaazi zinayo.

Tulimpa foliki asidi, yaani foleti ya vidonge, na vitamini nyingine za B, na kaka zake wakatoboa ukuta wa jiko. Sikumwahidi mama kwamba macho yatarudi. Uzi uliokufa haufufuki. Tunachokimbilia ni ule uliozimia ungali hai, na mwanawe alikuwa ameshapoteza miezi minane kwa miwani.

Miezi mitano baadaye alirudi na juzuu yake mwenyewe. Alipinda shingo kidogo, akasoma kwa ubavu wa jicho, polepole. Ta aliipata. Tha akaikosa, akarudia, akaipata. Kifuniko bado kilikuwa rangi ya udongo.

Alikuja na mdogo wake wa kike, miaka 14, naye anashona. Huyo sikumngoja alalamike. Nilimkalisha kwenye kiti kile kile, nikatoa kifuniko.