Huo si mkwaruzo, ni ukoko wa tairi

Wiki iliyopita nimeisikia tena ile kauli ya mkwaruzo. Kijana wa Mombasa anayeishi hapa Dubai alikwenda kukimbiza gari lake Dubai Autodrome, uwanja wa mbio za magari, katika zile siku ambazo mwenye gari binafsi hulipia akaingia uwanjani, halafu akanipigia simu sauti imemkauka: “Kaka, gari limekwaruzika ubavu mzima.” Lilipofika nikapitisha ukucha juu ya hayo aliyoyaita mikwaruzo. Ukucha ulipanda vilima vyeusi na kushuka, haukuzama popote. Ubavuni hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Palikuwa na mpira.

Maana yenyewe ni fupi. Tairi likisuguana na lami kwa kasi hupata joto, uso wake ukalainika, ukameguka vipande na kuvurumishwa nyuma. Vipande vikigonga bodi vingali moto, hunata juu ya rangi. Basi. Ni kitu kilichoongezwa. Mkwaruzo ni kitu kilichopungua.

Kinachonikera ni kwamba sisi wenye Kiswahili hatuna udhuru wa kuvichanganya. Mtoto akianguka na goti likatoka ngozi, amechubuka. Paka akikasirika anakuparura. Ukuta usiopigwa plasta unakuparuza bega ukipita karibu. Wali ulioshika chini ya sufuria unaukwangua. Wanasiasa wakikosana, magazeti yanasema wamekwaruzana. Kote humo kuna kinachoondoka: ngozi, ukoko, hata heshima. Kukwaruza ni kupitisha kitu kigumu au chenye ncha juu ya kingine mpaka kiache njia ndani yake. Hakuna aliyekwaruzwa akanenepa.

Ndiyo maana mimi nauita ukoko wa tairi, na wenzangu kazini wamenicheka mpaka wamezoea. Ukoko upo juu ya sufuria, si ndani yake, na anayejua jiko haanzi kwa kukwangua. Huloweka kwanza.

Neno raba nalo lina siri yake. Waingereza waliupa mpira jina lililotokana na kitenzi chao cha kusugua, kwa sababu waliutumia kufuta maandishi ya penseli. Mwanasayansi wao Joseph Priestley alishaandika juu ya matumizi hayo mwaka 1770. Sisi tukaipokea raba shuleni kwa maana ileile, kisha tukawavisha watu raba miguuni. Sasa kumbuka raba ya darasani. Ukifuta, inaacha vijiuzi vyeusi juu ya daftari. Daftari halijachanika, raba ndiyo iliyopungua. Uwanjani lami ndiyo daftari, na vijiuzi ni vikubwa kiasi kwamba Waingereza wa mbio huviita gololi, maana hujaa pembeni mwa njia na gari likivikanyaga linateleza. Gari lililo mbele yako linakurushia, na magurudumu yako mwenyewe ya mbele yanakurushia pia. Ndiyo sababu utavikuta zaidi nyuma ya magurudumu, chini ya milango na kwenye bampa.

Ningeweza kuyapuuza haya yote kama lingekuwa suala la maneno tu. Lakini jina baya huleta dawa mbaya. Ukimwambia mwosha magari kwamba gari lina mikwaruzo, atachukua polishi ya kukata, ile inayosaga uso wa rangi, au, Mungu apishe mbali, msasa. Lile tabaka la juu linalong'aa, ambalo mafundi rangi huliita kilia, kwenye magari mengi ya kiwandani lina maikroni 40 au 50 hivi, yaani ni jembamba kuliko unywele. Kila ukikata, unalila. Tena ule mpira umeokota mchanga njiani, na hapa kwetu mchanga haununuliwi. Ukiusugua mkavu unautengeneza mkwaruzo ambao haukuwepo, kisha unasema, “Si niliwaambia?”

Kuutoa hakuna uchawi. Gari lipoe kabisa, liwe kivulini, lioshwe kwa maji na sabuni yake ili mchanga utangulie. Kisha unalowesha madonge kwa dawa ya kuondoa lami, au mafuta ya taa kwenye kitambaa laini, unayaacha dakika moja au mbili, unafuta bila kukandamiza, unageuza kitambaa, unarudia. Kaa mbali na diski za breki. Tina, ile ya kuzimulia rangi, usiiguse, hasa kama gari limewahi kupakwa rangi upya mtaani, maana rangi nyingine hutoka nayo na kitambaa kinabaki na rangi ya gari. Vidogo vilivyogoma huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, na maji ya sabuni yawe mengi. Mwisho osha tena na upake nta, kwa kuwa ile ya zamani imeondoka pamoja na mpira.

Wengine wanasema doa, na hapo nakaribia kukubali. Mpira ukiachwa wiki nyingi kwenye gari jeupe, zile kemikali zinazolinda tairi lisipasuke hupenya na kuacha wekundu wa chai hafifu hata baada ya donge lenyewe kutoka. Hilo ni doa kweli, na mafuta ya taa hayaliwezi. Lakini siku ya kwanza bado ni ukoko.

Yule kijana alikaa juu ya ndoo akitazama weusi ukihamia kwenye kitambaa, uso ukimrudia rangi. Chini ya bampa nikakuta vitobo viwili vya kokoto, vimefika mpaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Akaniuliza, “Na hivi, kaka, si ukoko?” Nikamwambia pole, mdogo wangu, hivyo vimekula rangi, ni vya fundi rangi. Ila hayo mengine yote, siku nyingine ukinipigia simu, niambie tu gari limeshika mpira.