Sukari Ikishuka Bila Hodi

Aliyeanza kuongea alikuwa mke wake. Mzee mwenyewe aliitikia shikamoo yangu, akavuta kiti, akanyamaza.

"Daktari, leo tusifichane. Juzi nimemkuta kihambani amekaa chini ya mgomba, panga liko pembeni, namwuliza kitu ananitazama tu kama hanijui. Nikakimbilia mashine ya sukari, inasoma 2.4."

"Mimi sikusikia chochote, mwanangu," mzee akasema. "Zamani sukari ikishuka natetemeka, jasho linanitoka, najua nitafute chai. Siku hizi kimya."

(Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.)

Hapa Moshi ukitaja kisukari na neva, mgonjwa anavua viatu. Ganzi, miguu kuwaka moto usiku, kuchomwachomwa kama sindano: hayo tumeyazoea, na ni sawa tuyaangalie, maana karibu nusu ya wenye kisukari hupata madhara ya neva mapema au baadaye. Ila zipo neva nyingine ambazo hatuziamrishi, zinazosimamia moyo, tumbo, jasho na tezi. Hizo zikiharibika, na homoni zinavurugika, na hakuna kiatu cha kuvua ili uzione.

Kwa mtu asiye na kisukari, sukari ikianza kushuka kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari. Ikizidi kushuka, kongosho hilohilo hutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliamuru ini lifungue akiba yake. Nyuma yake inakuja adrenalini, kutoka tezi zilizokaa juu ya figo. Ndiyo inayoleta ule mtetemo na moyo kwenda mbio.

Sasa mtazame mtu wa sindano. Insulini ikishaingia chini ya ngozi, hakuna wa kuizima. Glukagoni nayo hudhoofika: kwa kisukari aina ya kwanza huacha kuitikia sukari ya chini ndani ya miaka michache, na kwa aina ya pili jambo hilo hutokea kwa waliotumia insulini muda mrefu. Inabaki adrenalini peke yake, na tezi yake haijitumi. Inasubiri amri iliyopita kwenye neva.

Nilimlaza mzee kitandani dakika tano. Presha 138 kwa 80, mapigo 84. Nikamsimamisha, mkono wake umeshika ukingo wa kitanda. Dakika ya tatu presha ilikuwa 108 kwa 70, na mapigo 87 tu.

Hayo mapigo ndiyo yaliyoniambia. Ukisimama, damu zaidi ya nusu lita huteremkia tumboni na miguuni, na neva hutakiwa kumwaga noradrenalini, ndugu wa adrenalini, ili mishipa ikaze na moyo uongeze kasi. Kwa mtu mzima wa afya, noradrenalini kwenye damu hukaribia kuongezeka maradufu ndani ya dakika chache. Mtu aliyeishiwa maji presha yake hushuka pia, lakini moyo hukimbia kujaribu kufidia. Wa mzee ulibaki palepale.

Nikafungua faili. Kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa asilimia 6.3, na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Vizuri sana, aendelee." Kile kipimo ni wastani. Sukari ya 2.4 alfajiri na ya 12 baada ya chakula zinaweza kukupa wastani wa kupendeza kabisa. Nilimpongeza mzee kwa kitu kilichokuwa kinamwangusha.

Tena ukimya huu una sababu mbili zinazofanana kwa sura. Moja ni neva kuharibika, na hizo hazirudi kirahisi. Nyingine ni mazoea: sukari ikishuka mara kwa mara, ubongo huizoea, na amri ya adrenalini huchelewa hata kama neva ni nzima. Hii ya pili hurekebishika mtu akikwepa mishuko kwa wiki kadhaa. Mzee, kwa maoni yangu, alikuwa na zote mbili.

Tukapunguza insulini ya jioni, tukakubaliana sukari yake iwe juu kidogo kuliko ninavyomtakia kijana. Apime kabla ya kushika panga. Ikiwa chini ya 4, vijiko vidogo vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Mbege tuliijadili kwa kirefu kuliko dawa. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na kibuyu cha jioni kinaweza kumwangusha mtu usiku wa manane. Akauliza kama kimoja kina neno. Nikamwambia kimoja, na mtori kwanza. Dawa ya presha aliyokuwa akimeza nayo niliitazama upya, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huficha mtetemo na mapigo. Jasho haziwezi kulificha.

Wiki sita baadaye walirudi. Presha bado ilishuka aliposimama, na mapigo bado yalikuwa mazito kupanda. Mzee alisema usiku mmoja aliamka shingo imelowa. Mashine ikasoma 3.3.

"Nilikuwa nimelala," mke wake akasema. "Yeye ndiye aliyeniamsha."