Kuovakloki kadi ya bei chee: ya vijiweni na ya kweli

Wengi wetu tulijifunzia gemu kwenye kompyuta za ofisini zilizomaliza muda wake Ulaya. Unaokota Dell OptiPlex 7010, toleo la mwaka 2012, ndani ina prosesa ya i5-3470, unachomeka kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti, maisha yanaendelea. Baada ya miezi kadhaa gemu mpya inaanza kukwamakwama, na hapo kila kijiwe kina daktari wake. Mmoja anasema, "Iovakloki tu hiyo, itapaa." Mwenzake anadakia, "Thubutu! Utaiunguza." Wote wamekosea, ila kila mtu na kosa lake.

Kuovakloki ni kuilazimisha chipu ipige mapigo mengi kwa sekunde (huhesabiwa kwa megahezi) kuliko iliyopangiwa kiwandani. Kwenye kadi hizi kazi hiyo hufanywa na programu kama MSI Afterburner: unasogeza mstari, unabonyeza kukubali, basi.

"Utaiunguza kadi"

Uoga huu una asili yake. Zamani watu walicheza na volti bila kinga yoyote, na volti ndiyo muuaji. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na megahezi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba: ongeza megahezi asilimia 10, ulaji unapanda kama asilimia 10, ongeza volti asilimia 10, ulaji unapanda asilimia 21. Kwenye 1050 Ti mstari wa megahezi haukupi volti zaidi ya kiwango kilichofungwa kiwandani. Joto nalo lina mlinzi. NVIDIA, kampuni iliyobuni chipu yake, imeiwekea kadi hii ukomo wa nyuzi 97, na kabla hujafika huko yenyewe imeshaanza kupunguza mwendo.

Ukizidisha, kinachotokea kwa kawaida ni aibu tu: kioo kinakuwa cheusi, Windows inasubiri sekunde 2, ikiona kadi haijibu inaiwasha upya draiva (programu inayoiendesha kadi). Au gemu inajifunga yenyewe. Au unaona vidoti vya rangi vikirukaruka angani palipotakiwa kuwa na mawingu. Unawasha upya, kadi inarudi ilivyozaliwa, maana Afterburner haikumbuki kitu mpaka wewe mwenyewe uiamuru ianze na Windows. Usiiamuru mapema. Cheza wiki nzima kwanza.

"Haina waya wa ziada, kwa hiyo haili umeme"

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ile ya kuungua. Kadi isiyo na waya wa pini 6 inakula kila kitu kupitia sloti ya mazabodi (bao kuu la kompyuta), na sloti ya PCI Express imeruhusiwa wati 75 kwa jumla. Kati ya hizo, upande wa volti 12, ambao ndio unaofanya kazi, una wati 66 tu. GTX 1050 Ti imeandikwa wati 75. Yaani imeshafika ukutani kabla hujagusa chochote.

Si nadharia tupu. Katikati ya mwaka 2016 AMD, mpinzani wa NVIDIA, ilipotoa kadi ya RX 480, wapimaji waligundua kwamba inavuta kwenye sloti zaidi ya ilichoruhusiwa, na Julai mwaka huohuo kampuni ikalazimika kutoa draiva ya kurekebisha. Hiyo ilikuwa kadi mpya kwenye mazabodi mpya. Ya kwako ina zaidi ya miaka kumi, na pawasaplai (kigawa umeme) ya 7010 ile ya boksi kubwa ni ya wati 275, umri uleule. Ukisikia inavuma au unanusa harufu ya plastiki ya moto, hapo acha habari za megahezi kabisa.

Kwa sababu ya ukuta huo, aina nyingi za 1050 Ti zisizo na waya haziruhusu kusogeza kikomo cha umeme kupita asilimia 100. Unaongeza megahezi 150, unafurahi, kisha gemu ikiwa nzito kadi inagonga kikomo na kurudi chini. Umeandika namba tu.

"Ukiongeza namba, kasi inaongezeka"

Nilikuwa na kadi ya mpwa wangu mezani. Niliacha chipu, nikaanza na kumbukumbu ya kadi, maana kwa kadi hizi ndogo kumbukumbu mara nyingi inalipa zaidi na haili umeme mwingi. Kutoka kiwandani inabeba gigabaiti 112 kwa sekunde. Ukiongeza megahezi 400 kwenye Afterburner inafika karibu 125. Nilipandisha 200, matokeo ya Heaven (programu ya kupima nguvu ya kadi) yakapanda. Nikaweka 400, yakapanda tena. Nikaweka 600. Hakuna vidoti, hakuna kuganda, nikajiona bingwa. Kutazama matokeo: chini kuliko yale ya 400.

Kumbukumbu ya GDDR5, aina iliyo kwenye kadi hii, hukagua makosa njiani. Data ikifika imeharibika, hutumwa upya. Ni kama bodaboda anayekimbia mno akadondosha mzigo: lazima arudi kuuokota, na wewe mteja unachokiona ni kwamba amechelewa. Ndiyo maana ukipandisha kumbukumbu usitazame kioo tu, pima fremu (picha kwa sekunde) kila hatua na uziandike. Mimi naandika nyuma ya risiti.

Chipu nayo isikupe ndoto kubwa. Boksi linasema megahezi 1392, lakini yenyewe ikiwa na ubaridi hupanda hadi 1700 hivi bila kuguswa. Ukaongeza 150, hiyo ni kama asilimia 9. Gemu iliyokuwa fremu 45, ikipokea yote hayo, inafika 49. Macho yako hayatajua. Na chumba cha Dar cha nyuzi 32 kitadai chake, maana joto likipanda kadi hujipunguza kidogokidogo, megahezi 12 au 13 kwa kila hatua.

"Kompyuta itakuwa kama mpya"

Fungua Afterburner ikuonyeshe asilimia ya kazi ya kadi wakati unacheza. Ikikaa 97 kwenda juu, kadi ndiyo imeelemewa, na kuovakloki kutasaidia hicho kidogo. Ikiwa inachezea 60 au 70 huku gemu inakwama, basi kadi imekaa inasubiri kazi. Kinachobana ni prosesa, na i5-3470 ina viini vinne tu ambavyo mazabodi ile ya Dell haikupi pa kuvipandishia.

Kabla ya kukata tamaa, kagua mambo mawili yanayosahaulika. Moja, RAM: kijiti kimoja cha GB 8 hupitisha data nusu ya vijiti viwili vya GB 4, na gemu nyingi huhisi tofauti hiyo waziwazi. Pili, sloti. Mazabodi ile ina sloti mbili ndefu zinazofanana kwa urefu, lakini moja ina njia 16 za data na nyingine 4. Nimeshaona kadi imechomekwa kwenye ya 4, mwenyewe anahangaika na Afterburner usiku kucha.

"GB nyingi ndiyo kadi kali"

Hapana. Kadi ya GT 1030 iliuzwa yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye ya DDR4, zote GB 2, jina lilelile: ya kwanza hubeba gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili hazifiki 17. Hakuna kuovakloki kutakakoziba pengo hilo. Na kuna kadi za zamani zilizoandikwa upya programu yake ya ndani zijiite 1050 Ti. GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, huzitambua nyingi na kukuandikia wazi kwamba ni feki. Iendeshe dukani, kabla ya kutoa hela.

Kadi ya mpwa wangu, mwisho wa yote, niliipeleka upande mwingine. Kwanza nilifungua feni nikatoa vumbi lililoshikana kama sufi, nikabadilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka ikawa kama chokaa. Halafu, Ctrl na F kwenye Afterburner, unatokea mchoro wa volti na megahezi. Nikaiambia ikimbie kasi ileile kwa volti ndogo. Wati zikashuka, kadi ikaacha kugonga kikomo, na megahezi zikatulia juu kuliko nilipokuwa naongeza kwa nguvu. Kumbukumbu nikaiacha kwenye 400. Mpwa wangu aliniuliza mbona feni haipigi kelele, akadhani imekufa.