Mfungaji mpya asihesabu mabao

Msichana akija kwangu kujifunza kufunga katika mpira wa pete, wiki mbili za kwanza nampiga marufuku kuhesabu mabao. Anahesabu kiwiko. Kila mpira ukitoka mkononi anajiuliza: kiwiko kilielekea kwenye pete? Magoti niliyakunja? Vidole viliusindikiza mpira? Jibu likiwa ndiyo, anachora mstari vumbini kwa kijiti, hata kama mpira umepita pembeni.

Tazama kazi aliyonayo. Pete ina upana wa sentimita 38, iko juu mita 3.05, na haina ubao nyuma yake kama ule wa mpira wa kikapu. Mpira wenyewe una kama sentimita 22. Anayeanza atakosa, tena sana. Ukimwambia atafute mabao kumi, kila mpira unaoanguka nje unamwambia hajui. Kiwiko anaweza kukipatia leo leo.

Mwaka 1997 watafiti Barry Zimmerman na Anastasia Kitsantas walilipima jambo hili Marekani, kwa wasichana 90 wa sekondari waliokuwa wakijifunza kurusha vishale. Waliofanya vizuri zaidi walianza na namna ya kurusha, na walipoimudu ndipo wakahamia kwenye alama. Kujiandikia maendeleo nako kulisaidia. Ndiyo maana ya kile kijiti changu.

Makocha tunapenda kupaza sauti: "Jiamini!" Mimi pia, nikikasirika. Lakini mwanasaikolojia Albert Bandura alishaeleza tangu 1977 kwamba kujiamini huchota nguvu zaidi kwenye kufaulu kwa mtu mwenyewe. Maneno ya kutiwa moyo huja nyuma sana.

Nilikuwa na mmoja, mrefu, aliyewekwa mfungaji kwa sababu ya kimo tu. Akipata mpira chini kabisa ya nguzo, anaurudisha kwa mwenzake. (Mfungaji anayerudisha mpira pale, usimlaumu mkono kwanza.) Nilipomuuliza kwa nini anakosa, alisema, "Mkono wangu mbaya tu, mwalimu." Mkono mbaya utaurekebishaje?

Tukaanza upya, karibu na nguzo, kwa mistari ya vumbini. Wiki ya tatu nikamruhusu kuhesabu. Alirusha kumi, akakosa tano. Nilikuwa nafungua mdomo nimfariji, akaniwahi:

"Magoti, mwalimu. Nimechelewa kukunja."

Akaenda kuokota mpira.