Shilingi ya Tanzania kwa shilingi ya Kenya: namna ya kupata bei ya tarehe iliyopita

Wakazi wa Tanga wana sababu nyingi za kutafuta bei ya zamani ya shilingi ya Kenya: mirathi yenye akaunti Mombasa, deni la mzigo uliovuka mpaka wa Horohoro, daftari la biashara lenye fedha mbili zilizochanganywa. Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kikokotoo kuwashwa. Mtu huuliza "mwaka 1986 ilikuwa shilingi ngapi?" kana kwamba mwaka mzima ulikuwa na bei moja.

Tuanze na kipindi chepesi. Kabla ya Juni 1966 hakuna cha kubadilisha, kwa sababu Tanga na Mombasa zilitumia shilingi ileile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Shilingi ya Tanzania ilitoka tarehe 14 Juni 1966, ya Kenya ikafuata Septemba mwaka huohuo, na zote zilianza kwa thamani sawa na ile ya zamani: 20 kwa pauni moja. Uingereza ilipoishusha pauni Novemba 1967, nchi hizi hazikuifuata, kwa hiyo dola ilibaki shilingi 7.14 pande zote mbili. Oktoba 1975 zote zilifungamanishwa na SDR, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa shilingi 9.66 kila SDR moja. Kwa hati ya miaka hiyo, hesabu rasmi ni shilingi moja kwa shilingi moja.

Ugumu unaanza baadaye. Mpaka ulifungwa Februari 1977 na kufunguliwa Novemba 1983, na katika miaka iliyofuata kufungwa huko Tanzania iliishusha shilingi yake zaidi ya mara moja. Kulikuwa na bei mbili: ya benki, iliyopangwa na serikali, na ya magendo, ambayo dola ilikuwa ghali kuliko ya benki mara kadhaa. Kwa mahakama au mirathi, bei rasmi ndiyo yenye kumbukumbu inayoweza kuthibitishwa. Lakini anayetaka kujua sabuni ya Kenya ilimgharimu kiasi gani mnunuzi wa Tanga mwaka 1982, bei rasmi itampotosha kabisa, maana mwenye sabuni hakuuza kwa bei hiyo.

Mwaka 1986 wenyewe ni mfano mzuri. Hadi Juni dola ilikuwa takriban shilingi 17 za Tanzania na 16 za Kenya, yaani shilingi moja ya Kenya ilizidi ya Tanzania kidogo tu. Juni ikapandishwa hadi takriban 40, na mara moja shilingi ya Kenya ikawa 2.5 za Tanzania. Kufikia Desemba ilikuwa imepita 3. Wastani wa mwaka ni kama 2, bei ambayo shilingi iliipita kwa kuruka. Anayeutumia wastani huo kwa malipo ya Machi anamzidishia mdai karibu mara mbili. Kwa malipo ya Desemba anampunja.

Wengi hudhani pia kwamba shilingi yetu imekuwa ikishuka tu dhidi ya jirani. Si kweli. Mwisho wa 1992 dola ilikuwa takriban 335 hapa na 36 Kenya. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa 480 hapa na 68 kule. Shilingi ya Kenya ikawa imeshuka kutoka kama 9.3 hadi kama 7 za Tanzania, kisha mwisho wa 1994 ikapanda kupita 11. Jambo linalofanana na hilo lilitokea tena Kenya ilipobanwa na deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024. Januari 2024 shilingi yake ilikuwa karibu 15.6 za Tanzania, Aprili karibu 19.7. Mkulima wa machungwa wa Muheza anayedai shilingi za Kenya (KES) 40,000 angepata shilingi za Tanzania (TZS) 624,000 kwa bei ya Januari na 788,000 kwa bei ya Aprili. Tofauti ya 164,000, na hakuna chungwa lililoongezeka.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua bei ya dola kwa shilingi ya Tanzania, gawanya kwa bei ya dola kwa shilingi ya Kenya, zote za tarehe ileile: 335 ÷ 36.2 ni 9.25. Ukipata 0.108, umegeuza. Kwa tarehe yoyote baada ya Juni 1986 jibu lazima liwe zaidi ya 1. Usichanganye bei ya mwisho wa mwezi ya nchi moja na wastani wa mwezi wa nyingine. Kosa hili halionekani kwa macho. Tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu, tumia siku ya kazi iliyotangulia na uandike hivyo kwenye hati.

Kwa miaka ya karibuni benki kuu zote mbili huweka bei za kila siku kwenye tovuti zao, na Benki Kuu ya Tanzania huonyesha bei ya kununua, ya kuuza na ya katikati. Ya katikati inafaa kwa hesabu. Haifai kumlaumu nayo mwenye duka la kubadilishia fedha, kwa kuwa yeye hununua chini yake na kuuza juu yake, na pengo huwa kubwa zaidi kwa shilingi ya Kenya kuliko kwa dola pale inapoulizwa na wachache.

Jambo la mwisho ni noti zinazokutwa kwenye masanduku ya marehemu. Bei ya zamani haiziokoi. Noti za zamani za KES 1,000 ziliacha kutumika baada ya tarehe 30 Septemba 2019, na kwa Tanzania muda wa kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 uliisha tarehe 5 Aprili 2025. Kwenye orodha ya mirathi ziandikwe kama noti za kumbukumbu, si kama fedha taslimu.