Difrensiesheni: kujua kanuni ipi inatumika wapi

Difrensiesheni ni hesabu ya kutafuta y inabadilika kwa kasi gani x inaposogea kidogo sana. Jibu lake huitwa derivativu, na kwenye grafu ndiyo mteremko wa mstari mahali hapo. Chukua y = x². Pale x ni 3, y ni 9. Sogeza x hadi 3.01, y inakuwa 9.0601. Gawa 0.0601 kwa 0.01: 6.01. Ukisogeza kwa 0.001 tu, utapata 6.001. Jibu linaikaribia 6, yaani 2x.

Kanuni ya vipeo inakuokolea kazi hiyo: shusha kipeo kizidishe, halafu kipunguze kwa 1. Kwa hiyo 4x³ inakuwa 12x². Namba isiyo na x inakuwa 0, maana haibadiliki. Penye kujumlisha au kutoa, fanya kila kipande peke yake. Kwa 1/x, andika kwanza x⁻¹. Derivativu yake ni −x⁻². Wengi huteleza hapa: −1 ukitoa 1 ni −2, si 0.

Kukariri si kazi. Kazi ni kuchagua kanuni. Jiulize: ningeweka namba mahali pa x, tendo la mwisho kwenye kikokotoo lingekuwa lipi? Kwenye (3x + 1)⁵ unazidisha, unajumlisha, mwisho unapandisha kipeo. Basi anza na kipeo, kisha zidisha kwa derivativu ya kilichomo kwenye mabano: 5(3x + 1)⁴ × 3 = 15(3x + 1)⁴. Hiyo ndiyo kanuni ya mnyororo, na ile 3 ndiyo husahaulika kila mara.

Tendo la mwisho likiwa kuzidisha, usizidishe derivativu mbili. Jaribu x · x: utapata 1 × 1 = 1, na tumeshaona jibu ni 2x. Sahihi ni sehemu ya kwanza mara derivativu ya sehemu ya pili, jumlisha sehemu ya pili mara derivativu ya sehemu ya kwanza. Kwenye kugawa, anza na asili: asili mara derivativu ya kiasi, toa kiasi mara derivativu ya asili, kisha gawa vyote kwa asili kipeo cha pili. Ukigeuza mpangilio, alama ya jibu inageuka.

Na 2ˣ je? Kanuni ya vipeo haigusi hapo, kwani x ndiyo iliyo juu. Jibu ni 2ˣ ln 2, ambapo ln ni logi asilia.